Taa za Sebule ya Baba

Baba yangu alipoteza macho taratibu, kama mtu anavyosahau wimbo. Hakuna siku moja ninayoweza kuishika nikasema ndiyo hii. Mimi nilikuwa nasoma sekondari ya bweni, na kila likizo niliporudi kijijini kwetu, huko milimani Mbozi, nilikuta ukungu umeongezeka kidogo ndani ya macho yake. Likizo moja hakuweza tena kusoma Biblia. Likizo iliyofuata alimimina kahawa nje ya kikombe. Halafu ikaja ile aliyonishika uso kwa viganja vyote viwili akasema nimekua, nami nikajua kwamba hanioni.

Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho. Wengi hutibiwa wakapona, lakini baba aliogopa kisu. Alikuwa na rafiki yake aliyechelewa sana kwenda kupasuliwa, akarudi vilevile alivyokwenda, na baba akaichukua habari ile kana kwamba ilikuwa hukumu yake mwenyewe. Akatuambia atabaki na alichobakiwa nacho.

Alichobakiwa nacho kilikuwa mwanga wenyewe, bila vitu ndani yake. Aliujua mchana, alijua mlango umefunguliwa au umefungwa, na jua la asubuhi likigonga ukuta aligeuza uso kulifuata. Ila mwanga mkali ulimuumiza. Umeme ulipofika kijijini tulifunga taa moja nyeupe katikati ya dari la sebule, tukafurahi sana, kumbe kwake ilikuwa mateso. Alisema inamwagika ndani ya macho kama maji ya sabuni. Basi mama akawa anaizima kila jioni, wanakaa wawili na wekundu wa makaa tu. Nilipokuja kuwatembelea nilisimama barazani nikazisikia sauti zao gizani, wakizungumza Kinyiha kwa utulivu, na mara nyingi sikubisha hodi mara moja. Ilikuwa kama kusikiliza watu wanaoongea usingizini, wote wawili wakiota ndoto moja.

Kulikuwa na jambo jingine katika giza lile, na lazima nilieleze hapa kwa sababu bila hilo hakuna cha kusimulia. Mama alikuwa na kovu. Mwaka ambao macho ya baba yalikuwa yanafunga kabisa, kabla ya umeme, kibatari kilimlipukia jikoni alipokuwa akikiongeza mafuta. Moto ulimshika shavu la kushoto ukashuka mpaka shingoni. Nilikuwa shuleni. Niliporudi nilimkuta amekwisha pona, ngozi ya upande ule imevutika na kung'aa, pembe ya jicho imeshuka kidogo. Baba alijua kwamba mama aliungua, maana alimsikia akilia na ndiye aliyeita majirani. Lakini mama alimwambia ni jambo dogo, limepona, halikuacha alama. Tangu hapo alikaa upande wa kushoto wa baba siku zote, shavu zima likiwa upande wake, na baba akinyoosha mkono kumgusa uso alimpa shavu hilo. Kijijini kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Mama aliniambia mara moja tu, tukiwa tunaanika kahawa. Alisema baba yangu alimwona mara ya mwisho akiwa mzuri, basi mmoja wao na abaki na uso ule.

Mimi nilimaliza chuo cha ufundi nikapanga chumba Tunduma. Nilikuwa fundi umeme, na wateja wakisikia sauti ya mwanamke kwenye simu waliuliza tena kama ni mimi mwenyewe nitakayepanda darini. Kazi hazikukosekana. Mji ule unajengwa kila upande, kuanzia karibu na foleni ya malori ya mpakani mpaka juu vilimani, na wenye nyumba wanataka vitu walivyoviona kwenye simu zao.

Mteja mmoja ndiye aliyenifungulia njia. Alikuwa mama wa makamo kutoka Tanga, muuza vitenge, aliyefanya biashara na Wazambia mpaka Kibemba kikawa kinamtoka bila kufikiri. Alikuwa amemaliza nyumba yake mpya. Akanionyesha video ya sebule ambayo taa zake hazikuwaka wala kuzimika kwa ghafla, bali zilikuja na kuondoka kama pumzi.

"Nataka hizi," alisema. "Kutwa nzima nakaa juani na kelele za malori. Nikirudi kwangu nataka mwanga uniamkie, usinipigie makelele."

Sikuwahi kuzifunga taa za namna hiyo. Dima za zamani nilizijua, zile za kuzungusha ukutani ambazo hupunguza umeme kwa nguvu na kufanya balbu zilalamike. Hizi zilikuwa za kidijitali. Juu ya dari kunakaa kisanduku kidogo kinachopokea amri kutoka kwenye simu au kwenye kitufe cha duara ukutani, nacho huiambia kila taa iwake kiasi gani, na ichukue muda gani kufika hapo. Unaweza kuiambia ipande kwa kufumba na kufumbua, au ipande pole pole kiasi kwamba aliyekaa chini yake hajui imeanza lini. Inakumbuka pia. Umeme ukikatika na kurudi, haikurupuki na mwanga wote; inarudi pale ilipoachwa.

Nilipomaliza kazi ile ilikuwa magharibi. Mwenye nyumba alikuwa ametoka kuswali. Alikaa kwenye kochi akazungusha kitufe, na mwanga wa rangi ya asali ukashuka kutoka kwenye kingo za dari mpaka ukawa mstari mwembamba tu, halafu ukapanda tena. Alifanya hivyo mara kadhaa. Nami nilisimama na bisibisi mkononi, nikamwona baba yangu katika sebule ile, amekaa mahali pasipomwagika kitu machoni mwake.

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nichukue vifaa vilivyobaki stoo, kisanduku cha akiba na taa zake, maana fundi wa kwanza aliagiza vingi kuliko vyumba. Nilikataa kidogo kwa adabu, akanikatiza kwamba mzee wangu ni mzee wake pia.

Hivyo ndivyo taa za Tunduma zilivyopanda milimani, zimefungwa ndani ya kitenge, miguuni pangu kwenye basi dogo la kupitia Vwawa. Ilikuwa msimu wa mvua. Mvua ilitukuta njiani, na madirisha yalijaa mvuke mpaka mashamba ya mahindi yakawa rangi tu inayopita.

Nilifanya kazi ile kwa siku chache. Baba alikaa kwenye kiti chake akisikiliza kila tundu nililotoboa. Aliuliza kama ninashusha nyumba. Mama alipita akifagia vumbi la jipsamu ya dari, akisema sebule yake imekuwa kama kinu cha unga. Jaribio la kwanza halikwenda vizuri. Nilikuwa nimeweka balbu mbili za aina ya zamani karibu na mlango, zisizoelewana na kisanduku, na nilipopunguza mwanga zikaanza kupepesa. Baba hakuona kupepesa kule, lakini alinyanyua kichwa.

"Kuna nyuki wawili mlangoni," alisema.

Kweli, zilikuwa zinavuma, kwa sauti ndogo ambayo mimi mwenyewe sikuisikia mpaka niliposogea chini yake. Nilizitoa nikaweka zinazofaa. Nikashusha mwanga wote mpaka chini kabisa, kisha nikaanza kuupandisha, na nikamwomba aniambie anapouona. Alifumba macho, akayafumbua. Nje mvua ilikuwa imekwisha na maji yalidondoka kutoka kwenye migomba. Nilipandisha kidogo, nikangoja. Nikapandisha tena.

"Hapo," alisema. "Umekuja."

"Unaumia, baba?"

"Hapana. Ni kama asubuhi ya ukungu, kabla jua halijatoka. Uache hapo."

Niliuacha hapo. Kwenye simu mfumo uliniruhusu kuhifadhi viwango vya mwanga na kuvipa majina. Nikahifadhi kiwango kile nikakiita Ukungu. Kingine cha wakati wa kula, kidogo juu yake, na kingine cha sala ya jioni, cha chini kabisa. Nikamfundisha mama kuzungusha kitufe cha ukutani, naye akajifunza haraka, ila nilimwona anavyokizungusha: alishusha tu.

Tangu jioni ile wakaacha kukaa gizani. Nadhani ndiyo iliyombadilisha baba mawazo. Hakusema hivyo, lakini alipoanza kukaa ndani ya mwanga usiomuumiza alianza pia kuuliza vilivyomo. Aliuliza makochi yana rangi gani. Aliuliza kile kivuli kinachopita mbele ya mwanga ni mama au ni pazia. Baadaye, mvua zilipokwisha na baridi ikaingia, tukasikia kwamba madaktari wa macho wamekuja hospitalini Vwawa, na baba akasema, akiwa ameelekeza uso dirishani, kwamba labda tujaribu jicho moja. Alisema jicho moja kama mtu anayeonja mboga.

Nilimpeleka mimi. Ulikuwa wakati wa kuchuma kahawa, matunda mekundu yanaiva kwa pamoja, na mama alisema hawezi kuacha shamba. Nilijua si shamba tu. Alitusindikiza mpaka barabarani akiwa amejitanda kitenge mpaka kwenye pembe ya jicho, akamfunga baba kifungo cha juu cha koti, akarudi bila kugeuka nyuma.

Walimpasua jicho la kulia. Kesho yake walipofungua bandeji nilikuwa nimekaa mbele yake. Alinitazama kwa muda mrefu, jicho jekundu, machozi yakimchuruzika, na mimi sikujua nifanye nini na uso wangu. Kisha akasema nimefanana na dada yake aliyefariki, na kwamba hakuna mtu aliyemwambia hivyo miaka yote hii. Nilicheka, halafu nikalia. Muuguzi alipita akatuacha.

Daktari alitueleza kwamba jicho lile litachoka haraka na mwanga mkali kwa muda. Avae miwani myeusi nje, na ndani tusimuwashie taa kali. Akasema tuongeze kidogo kidogo kadiri anavyozoea. Nilimwambia kwamba hilo nyumbani tunaliweza vizuri.

Tulifika kijijini jua likiwa limezama. Nyumba ilikuwa kwenye mwanga wa chini kuliko ule niliouita Ukungu. Kutoka nje dirisha lilikuwa kama kaa linalokaribia kuzimika. Mama alitupokea mlangoni akiwa amejitanda, akamwongoza baba mpaka kitini kwa mkono ule ule wa siku zote, kana kwamba hakuna kilichobadilika, akakaa kushoto kwake. Baba alivua miwani. Alimgeukia.

"Nakuona," alisema. "Si sana. Nakuona kama umesimama ng'ambo ya mto."

Mama akajibu kwamba inatosha kwa leo, ale kwanza.

Nilipokuwa naosha vyombo mama alinifuata jikoni. Aliniomba niyaguse yale majina kwenye simu, nifanye mwanga usipande zaidi ya pale ulipo, hata mtu akizungusha kitufe. Alijua inawezekana, maana nilikwisha kumwambia mwenyewe siku nilipofunga, nikijisifia. Nilimuuliza mpaka lini. Alikuwa anakausha sahani moja tu, muda wote ile ile.

"Mpaka nizoee," alisema.

"Uzoee nini, mama?"

"Kuonwa."

Nikamwambia nitafuata maneno ya daktari, mwanga utabaki chini kwa sasa kwa ajili ya jicho, na baada ya hapo si mimi wa kuamua. Alikubali kwa kichwa. Mimi nilichokifanya kwenye simu kilikuwa kimoja: nililegeza mwendo wa mwanga. Niliupangia kupanda pole kuliko nilivyowahi kupanga popote, ili mtu akizungusha kitufe jicho lisishtuke. Sikuweka kizuizi.

Siku zilizofuata zilipita kama zimefunikwa na shuka. Asubuhi ukungu ulikaa bondeni, na baba alitoka na miwani yake myeusi akasimama kwenye kingo za shamba akitazama matunda ya kahawa kwa mkono na kwa jicho, asijue aamini kipi. Mchana mama alikuwa huko mbali, kwenye mistari ya chini, na wachumaji. Jioni alirudi na kukaa kushoto. Baba alimtazama upande ule mzima wa uso wake uliokuwa unaonekana ndani ya mwanga hafifu, akamweleza alivyoona siku hiyo: kwamba jirani amekuwa mnene, kwamba paa la kanisa ni la bluu na yeye miaka yote alilifikiria jekundu. Mama alicheka kwa sauti ya chini. Wakati mwingine baba alinyamaza katikati ya maneno, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayetaka kuona nyuma ya kitu, na mama akainuka kwenda kuangalia chungu.

Siku moja baba aliniuliza kama jicho lake lingekuwa tayari kwa mwanga zaidi. Nilimjibu kwamba daktari alisema kidogo kidogo. Akaniuliza kitufe kiko wapi. Nilimwonyesha, kilikuwa ukutani, karibu na mkono wa kiti chake, maana nilikiweka pale makusudi tangu mwanzo, asihitaji kuinuka. Alikipapasa kwa vidole vyake. Alikuwa na vidole vyepesi kutambua baada ya miaka ile ya giza.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya kurudi hospitalini kuangaliwa, na daktari alikuwa ameridhika. Tulikwisha kula. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na dirisha nikimenya maharage mabichi. Mama alikuwa jikoni anaweka chai kwenye chupa, amekivua kitenge kichwani kwa sababu ya moto wa jiko. Baba akanyoosha mkono, akazungusha kitufe.

Hakuna kilichotokea, au ndivyo ilivyoonekana. Mwanga ulikuwa umeanza kupanda, lakini kwa ule mwendo wa pole niliouweka, na mimi peke yangu niliujua. Mama alitokea mlangoni na sinia. Akapiga hatua moja ndani, akasimama. Nadhani aliona kivuli chake mwenyewe kinakolea ukutani. Alinitazama, nami nikatikisa kichwa kumwonyesha kwamba si mimi. Baba alikuwa amekaa wima, uso mlangoni.

Mwanga uliendelea kupanda. Ulipanda kwenye vitambaa vya makochi, ukafika kwenye kalenda, ukatoa rangi kwenye vikombe vilivyokuwa kwenye sinia. Ulikuwa wa rangi ya asali, na sebule yote ilionekana kama inainuliwa kutoka chini ya maji. Mama alikuwa na muda wa kutosha kugeuka. Jikoni kulikuwa hatua mbili tu nyuma yake, na kitenge kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari. Nilimwona anafikiri. Alikuwa amelishika sinia kama mtu anayevuka nalo mto.

Kisha akaingia. Akaweka sinia mezani, akazunguka kiti cha baba kwa nyuma, akakaa upande wa kulia. Sikuwahi kumwona akikaa pale. Alikaa na shavu lake la kushoto limemwelekea baba, akitazama mbele, akangoja mwanga umalize kupanda.

Ulipomaliza, baba alimtazama mpaka maharage yote yakaniganda mkononi.

"Hii ni siku ile ya kibatari," alisema.

"Ndiyo."

"Uliniambia ilipona."

"Ilipona," mama alisema. "Ndivyo ilivyopona."

Baba alinyanyua mkono kama anataka kumgusa, akaurudisha gotini. Nilitegemea aseme neno la upole, nililiona karibu linakuja. Badala yake sauti yake ilitoka imekauka. Alisema kwamba alimsikia akilia siku ile, akapapasa kuta mpaka mlangoni, akapiga kelele mpaka koo likauma, na baada ya hapo akaambiwa ni kitu kidogo, naye akalala akimshukuru Mungu kwa udogo wake. Akasema miaka yote hiyo kijiji kizima kilijua uso wa mke wake isipokuwa yeye.

"Nilikuwa kipofu," alisema. "Sikuwa mgeni wa nyumba hii."

Mama alimimina chai. Baba hakuinywa, aliinuka akaenda kulala, akishika ukuta kwa mazoea ingawa aliuona.

Mwanga niliuacha vile ulivyo. Mama alikaa chini yake muda mrefu, upande ule ule wa kulia, mbele ya kikombe kilichopoa. Nilimuuliza kama nishushe. Alisema nisishushe. Alisema amechoka kupima kila kitu.

Siku mbili baba hakuzungumza zaidi ya salamu na shukrani ya chakula. Mama hakujitanda tena ndani, wala hakurudi kukaa kushoto. Nilikuwa na kazi ya kurudia Tunduma, lakini niliahirisha, nikatafuta waya za kurekebisha ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Nilikuwa na hofu kwamba nimeleta kitu ndani ya nyumba ile ambacho hakikuombwa.

Asubuhi ya tatu baba alimwita mama kutoka shambani. Akamwambia kwa Kinyiha kwamba anataka kuona jiko la zamani. Lilikuwa bado lipo nyuma ya nyumba, la udongo, sasa tunaweka magunia ndani yake. Nilikuwa juu ya ngazi chini ya dari la baraza, nikawaona wakienda wawili kwenye ukungu, yeye mbele, baba nyuma na miwani yake. Wakaingia. Walikaa humo mpaka ukungu ukaondoka na jua likapiga kwenye majani ya migomba. Sikusikia maneno yao, ila sauti. Ya mama ilikuwa inaeleza, ndefu, bila kukatizwa, na mara moja nikasikia ya baba inauliza, kisha kimya. Baadaye mama aliniambia kwamba alimwonyesha mahali aliposimama, kibatari kilipokuwa, na maji aliyojimwagia. Baba alitaka kujua nani alimpaka dawa, nani alimlisha shavu lilipokuwa limefungwa bandeji, na yeye mwenyewe, amelala kitandani chumba cha pili, alikuwa anafanya nini asisikie. Mama alimwambia kwamba yeye baba alisikia, ndiyo maana mama alijifunza kulia bila sauti. Hapo ndipo baba alipomshika shavu lile.

Walipotoka baba alikuwa amevua miwani, ingawa jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Nilimkumbusha kutoka juu ya ngazi. Akaivaa bila ubishi. Mama alikwenda zake shambani kichwa wazi, akiwaita wachumaji kwamba wamepumzika sana.

Sitaki kusema kwamba yote yalitulia siku ile. Baba alikuwa na kinyongo kilichotokea tena mara chache, hasa akisikia mtu kijijini anazungumzia zamani. Mama naye alichukua muda kuacha kushtuka akitazamwa. Lakini jioni wakakaa tena na kuongea, na sasa walibishana kuhusu mwanga. Baba, ambaye zamani alilia kwamba unamwagika, alitaka kila taa ipande mpaka juu ili aone vizuri anachokula. Mama alipenda ushuke wakati wa sala. Nilimwekea mama simuni mwake viwango vyake mwenyewe vyenye majina, na alikuwa anashusha pale baba anapofumba macho kuomba, na baba alikuwa anafumbua jicho moja katikati ya sala akampandishia. Niliwahi kuwasikia wakicheka kwa jambo hilo kama watoto.

Jicho la pili lilifanywa msimu uliofuata wa baridi, na safari hiyo mama alikwenda naye. Alikaa kwenye benchi la hospitali pamoja na wanawake wengine, akawaeleza kuhusu mtoto wa jicho kana kwamba yeye ndiye aliyepasuliwa. Mimi nilikuwa na kazi ya nyumba tatu mjini, kwa sababu yule mama wa Tanga alikuwa ameniongelea kwa wenzake wote wa sokoni, hata kwa wale wa upande wa Zambia.

Baada ya kupona wakaja Tunduma kunitembelea. Ilikuwa mara ya kwanza baba kufika tangu mji ule ulipokuwa vibanda vichache na bendera. Tulitembea jioni mpaka mahali ambapo malori yanajipanga kungoja kuvuka. Alisimama pembeni ya barabara na mama kando yake, akayatazama yanavyosogea kidogo, yanasimama, yanasogea, vumbi likiwa la dhahabu katikati yao. Aliniuliza yanakwenda wapi. Nikamtajia miji niliyoijua. Akamgeukia mama, akamtazama vizuri, akamuuliza kama amechoka au wanaweza kusimama pale kidogo zaidi. Mama alisema wasimame.